Bibi Nakijwa na Kondoo Waliofukuzwa Bondeni

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama watu waliolala njaa. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, kaeni. Ya leo si ya kuchekea.

Hapo kale, kale ya mababu wa mababu, palikuwa na kijiji kati ya bonde na kilima. Kijijini hapo aliishi mwanamke aliyeitwa Nakijwa, na kazi yake ilikuwa kuhesabu mifugo. Kila mwaka, masika yakiisha, wanyama wote walipitishwa kwenye mlango mwembamba wa mawe kwenda kulamba magadi. Kwa! Kwa! Kwa! Kwato zinapita, Nakijwa amesimama, anahesabu. Mama yake alihesabu hapo kabla yake, na bibi yake kabla ya mama yake. Hawakuandika popote. Walikumbuka.

Alipokuwa msichana, katika kila wanyama kumi, kondoo walikuwa sita.

Alipoolewa, walikuwa watano.

Alipomwachisha ziwa kitinda mimba wake, wanne.

Alipomzika mumewe, wawili. Wawili tu!

Kila mwaka alikwenda kusema kwa jumbe, mkuu wa kijiji. Kila mwaka aliambiwa, "Bibi, ng'ombe wameongezeka. Una huzuni ya nini?"

Naye alirudi nyumbani kifua kinamwaka moto. Kwani nani aliyekuwa na ng'ombe? Jumbe Mrindoko na ndugu zake. Na nani aliyekuwa na kondoo? Wajane. Wazee. Vijana wanaoanza maisha. Kondoo alizaa upesi, alikula kidogo, na mkia wake wa mafuta ulimrudishia nguvu mwanamke aliyejifungua. Kondoo alipopungua, si mnyama tu aliyepungua.

Mwaka mmoja Jumbe Mrindoko akawakusanya watu uwanjani. Akatanua miguu, akakohoa, hmm, hmm, akasema, "Ng'ombe ndiye mnyama. Tangu leo bonde lote ni la ng'ombe. Kondoo waende kilimani, kwenye mawe. Na kijana akija kuposa na kondoo, arudishwe kwao."

"Eeee!" wakaitikia wenye ng'ombe.

Nakijwa akasimama. "Jumbe, unajua mwaka huu nimehesabu nini?"

"Umehesabu ng'ombe wengi, bibi."

"Nimehesabu kondoo mmoja. Mmoja katika kumi."

"Basi mwakani hutachoka kuhesabu."

Uwanja mzima ukacheka. Kwa kwa kwa! Wakacheka hata wale ambao mama zao walinunuliwa nguo za harusi kwa kondoo.

Nakijwa hakuketi. "Ng'ombe hunywa mto mzima," akasema. "Mto ukikauka, mtakunywa nini? Pembe?"

Kesho yake vijana wa Jumbe wakashuka bondeni na marungu. Wakawafukuza kondoo, bee! bee! bee! Kondoo mwenye mimba wa mjane Namkunda akaanguka korongoni, akafa na mwana tumboni. Namkunda akakaa chini kando ya mzoga, hana hata chozi.

Nakijwa akamshika mkono. "Inuka, mwanangu. Usilie mbele ya hao wenye marungu. Twende kilimani."

Wakapanda, wao na wajane wengine, na kondoo waliobaki. Wakajenga zizi la mawe na miiba. Na kila alipotazama bondeni, Nakijwa alitema mate.

Vuli haikunyesha. Masika yakapita makavu. Vuli ya pili ikaja na upepo mtupu. Mto ukawa mchanga. Ng'ombe wa Jumbe wakaanza kuanguka. Asubuhi, pu! Adhuhuri, pu! Jioni, pu! pu! Bonde likanuka.

Kule juu kondoo waling'ata nyasi fupi katikati ya mawe na kulamba umande wa alfajiri. Walikonda, lakini walisimama. Wajane walikamua kidogo kidogo, na watoto wao wakaishi.

Ndipo Jumbe Mrindoko akapanda kilima. Alikuja na wanaume kumi na wawili, na kamba mabegani. Akamkuta Nakijwa katikati ya mlango wa zizi.

"Bibi, tupishe. Kijiji kina njaa. Tumekuja kuchukua kondoo."

"Mkawafanye nini?"

"Tuwachinje."

"Mtakula siku ngapi?"

Jumbe akaitazama kamba yake.

"Nakuuliza wewe! Siku ngapi? Nne? Tano? Halafu mtapanda tena mje kuchinja nini, wajane?" Sauti yake ikagonga mawe, ikarudi. "Walipokuwa sita hukuwataka! Walipokuwa wanne hukuwataka! Umewafukuza kwa marungu, umewaua na wana tumboni, leo unamtaka huyu mmoja aliyebaki? Pita basi. Nikanyage, upite."

Namkunda akaja akasimama kuume kwake, ameshika mchi. Wajane wengine nao wakaja, kila mmoja na mchi wake. Wanaume wakatazamana. Mmoja akatupa kamba chini. Akafuata wa pili. Mwisho akabaki Jumbe peke yake na kamba yake, naye akaiweka chini.

"Nimekosa, mama," akasema.

"Sikusikia."

"Nimekosa!"

"Kaseme hivyo palepale uwanjani, mbele ya waliocheka."

Na akaenda, akaivunja amri yake mbele ya watu wote. Kisha Nakijwa akatoa kondoo wa maziwa mmoja kwa kila nyumba yenye mtoto mchanga. Akawaambia, "Majike hawachinjwi. Jike wa kwanza kuzaliwa ataenda kwa jirani asiye na kitu. Na huyu Jumbe atawachunga kondoo wa Namkunda, yeye mwenyewe, kwa miguu yake, mpaka mvua inyeshe."

Akawachunga. Bee! mbele, Jumbe nyuma, jua kichwani, miiba miguuni.

Mvua ikanyesha. Miaka ikapita. Siku moja, wanyama wakipita mlangoni, watu wakamshangilia Nakijwa: "Bibi, kondoo wamefika watatu katika kumi! Sasa furahi, hasira ziishe."

Akawatazama mmoja mmoja. "Kondoo niliwapa," akasema. "Msamaha mwombeni Namkunda."

Akageuka, akaendelea kuhesabu.

Enyi mnaosikia, kinachopungua kidogo kidogo hakipigi kelele. Akitokea mtu akawapigia yeye hizo kelele, msimcheke.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye masikio aondoke nayo, na aliyecheka ajiulize.