Kisanduku cha Hapana

Teksi ilikuwa imekwisha kuliacha soko nyuma, na majirani waliosimama kupunga mikono wamekuwa wadogo kama vifungo vya shati, fundi cherehani alipotoa miwani mkobani na kuanza kuzisoma karatasi zake za safari, moja baada ya nyingine. Ndivyo alivyoumbwa. Nguo haikutoka dukani kwake kabla hajaipindua na kukagua kila mshono kwa ndani, na karatasi nazo alizitendea vivyo hivyo.

Ndege yake ilikuwa ya saa tisa alasiri. Nyumbani walitoka saa mbili asubuhi. Hiyo ilikuwa kazi ya mumewe, mchora mabango, mtu aliyeogopa kuchelewa kuliko alivyoogopa njaa.

"Mzee wangu, ndege itatoroka?" fundi alimwuliza bila kuinua macho.

"Mwache, mama," dereva akadakia. Alikuwa jirani yao wa miaka mingi, na ulimi wake haukuwa na breki. "Huyu akialikwa harusi hufika kabla bwana harusi hajaposa."

Mchora mabango hakucheka. Alikuwa ameupakata mkoba wa dawa mapajani kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Yeye hakuwa akisafiri. Nauli ilitosha mtu mmoja.

Aliyekuwa akiendewa ni dada mkubwa wa fundi. Mama yao alipofariki, ndiye aliyemlea na kumfundisha kushika sindano kabla hajajua kushika kalamu. Aliolewa ng'ambo miaka kumi na tisa iliyopita, na tangu hapo walionana kwa picha tu. Sasa macho yake yalikuwa yakififia. Madaktari wa huko walimwambia bado ana miezi michache ya kuona, na baada ya hapo giza. Fundi naye alikuwa na saratani ya titi iliyokwisha kushuka mifupani, ile ambayo daktari akiizungumzia hataji kupona, hutaja kutulia.

"Njoo nikuone, mdogo wangu," dada alimwambia kwenye simu, "kabla sijaanza kukupapasa kama kitambaa."

"Nakuja, dada," fundi alijibu, "kabla sijabaki wa kutazamwa pichani."

Walicheka wote wawili, wakalia, kisha dada akauliza kama bado anakunywa chai bila sukari. Basi safari ikawa imekatiwa shauri.

Karatasi ya bima ilikuwa ya mwisho katika bahasha. Bila hiyo asingeruhusiwa kuingia katika nchi ya dada yake. Fundi alisoma jina lake, umri wake, tarehe za kwenda na kurudi. Kwenye ukurasa wa nne akakuta swali: Je, msafiri ana ugonjwa wowote wa muda mrefu, au amewahi kutibiwa saratani? Chini yake palikuwa na visanduku viwili, kimoja cha Ndiyo na kingine cha Hapana. Kisanduku cha Hapana kilikuwa kimetiwa alama ya vema, na alama yenyewe ilikuwa nzuri, imenyooka, mkia wake umepanda juu kwa madaha. Fundi hakuhitaji kuuliza ni ya nani. Mkono ule ulikuwa umeandika vibao vya nusu ya mji: maduka, vinyozi, shule, hata milango ya wodi hospitalini.

"Simamisha gari," akasema.

"Umesahau kitu, mama?"

"Sikusahau. Kuna mtu kanisahaulia ugonjwa wangu."

Dereva alisogeza gari kando ya barabara, akazima redio. Fundi aliiweka karatasi juu ya mkoba wa dawa, kidole chake kikiwa juu ya kile kisanduku. Mchora mabango aliitazama kazi ya mkono wake.

"Mke wangu, nisikilize. Niliuliza bei ya kweli. Walitaka fedha za kununua cherehani tatu mpya. Tatu! Tiketi yenyewe haifiki hapo. Ningefanyaje? Nije nikwambie humwoni tena dada yako?"

"Na nikiugua huko?"

"Hutaugua. Daktari kasema umetulia."

"Nimetulia, mume wangu. Sikupona. Nikianguka kule, wenye bima watafungua mafaili, wataona uongo, watafunga. Hospitali itamgeukia dada yangu. Mtu asiyeona auze nini, macho?"



"Mimi nawapima watu mwaka wa thelathini huu," fundi akaendelea, na sauti yake ilikuwa ya upole tu. "Wapo wanaojibana tumbo nikiwazungushia futi. Nawaambia, pumua, mwanangu, mimi si mchumba wako. Hawasikii. Nguo huwapasukia wenyewe, mbele za watu. Dereva, wakala aliyeitoa bima hii yuko pale juu ya duka la miwani. Tupeleke."

"Ukisema kweli watakukatalia!" mumewe akasema, machozi yakimlengalenga. "Itakuwa kwisha. Dada yako atapofuka hajakuona."

"Basi nikataliwe mimi. Huyu mwanamke mzima wa kwenye karatasi simjui, na dada yangu hakumwita."

Dereva hakungoja kuambiwa mara ya pili.

Ofisi ya wakala ilikuwa ghorofani, ngazi ishirini na mbili. Fundi alipumzika mara mbili, mumewe kamshika kiwiko. Juu walimkuta mwanamke wa makamo, mnene, mwenye mafua makali na kalamu mbili zimechomekwa nyweleni. Alimtazama mchora mabango, akatabasamu.

"Mzee! Karibu tena. Huyu ndiye mama ambaye hajawahi kuumwa hata jino?"

Mchora mabango akaviangalia viatu vyake vyenye matone ya rangi.

"Ndiye mimi," fundi akasema, akaketi bila kungoja kukaribishwa, maana miguu ilikuwa imekwisha. "Nina saratani, mwanangu. Iko mifupani. Mume wangu aliandika sina."

Wakala alifuta pua polepole. Kisha akamgeukia tena mchora mabango, akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza wimbo wa mbali.

"Ngoja kwanza. Mzee, sema neno lolote."

"Neno gani?"

"Ni wewe! Ile sauti ya simu. Yule rafiki yako mgonjwa, uliyekuwa ukimwulizia bei, hajambo?"

"Rafiki gani?" fundi akauliza.

"Rafiki ni wewe," mumewe akasema kwa sauti iliyotoka kama uzi.

Wakala aliweka leso chini. Hakucheka tena.

"Mzee, nilikuuliza saratani ya wapi, ukasema ya huko ndani. Nikakuuliza dawa gani, ukasema nyingi. Nikauliza alilazwa lini mara ya mwisho, ukakata simu. Kesho yake ukapiga tena kudai bei. Sasa mimi nifanyeje? Kampuni za bima zisichokijua hukihesabu kuwa ndicho kibaya kuliko vyote. Rafiki yako niliyemwombea bei alikuwa mtu mahututi, anayepumulia mashine. Bei ile ilikuwa yake. Haikuwa ya mama huyu aliyepanda ngazi zangu."

"Neno halikutoka," mchora mabango akasema.

Hapo fundi akamtazama kwa jicho jingine. Mtu huyu aliwahi kuliandika neno saratani kwenye milango mitatu ya hospitali, kwa herufi nyekundu ndefu kama kiganja, akaja nyumbani akala akalala. Lakini tangu lilipoingia katika mwili wa mkewe hakulitamka hata siku moja. Aliliita "ile shida", na siku nyingine "hii hali yetu", kama vile ameugua naye. Hasira iliyokuwa kifuani mwa fundi ikalegea kama mshono uliokatwa uzi.

"Niulize mimi," akamwambia wakala. "Mimi naujua."

Wakala akachomoa kalamu moja nyweleni.

"Ilianzia wapi?"

"Titi la kushoto. Likatolewa. Ikahamia uti wa mgongo na nyonga."

"Dawa?"

"Kidonge kimoja kila siku, na sindano ya mifupa kila mwezi. Hazijabadilishwa miezi kumi na minne."

"Umelazwa mwaka huu?"

"Hata usiku mmoja."

"Ngazi unapanda?"

"Si umeniona?"

"Nilikusikia kwanza," wakala akasema, na wote wakacheka, hata mzee kidogo. "Daktari wako anajua kuwa unasafiri?"

Fundi akatoa barua. Daktari alikuwa amemwandikia ili asisumbuliwe kwa dawa zake kwenye ukaguzi, na humo mlikuwa na kila kitu: majina ya dawa, vipimo vya mwisho, na mstari unaosema kuwa anaweza kupanda ndege. Wakala aliisoma mara mbili. Kisha akashusha sauti.

"Mama, nisamehe. Hili nalazimika kuliuliza, ndilo la mwisho. Daktari amekwambia kuwa ugonjwa huu hautapona?"

Chini mtaani mtu alikuwa akipigilia msumari. Nyumbani kwa wale wawili sentensi ile haikuwahi kusemwa. Ilikuwa ikiishi nao kama mgeni ambaye hakuna aliyemkaribisha kiti, wanapishana naye mlangoni, wanakula naye, hawamtazami.

"Ndiyo," fundi akasema. "Ameniambia. Hautapona."

Mchora mabango alinyosha mkono akaushika wa mkewe. Halafu akaunyosha ule mwingine kwa wakala.

"Nipe kalamu."

Wakala alifuta bima ya awali, akaweka mbele yake fomu mpya. Mzee akatafuta lile swali la ukurasa wa nne, akatia alama kwenye kisanduku cha Ndiyo. Ilikuwa alama mbaya kuliko zote alizopata kuandika tangu avae kaptula: imepinda, imetoka nje ya mstari, mkia umekatika njiani. Fundi aliitazama kwa mapenzi.

"Haya sasa," wakala akasema, akavuta simu yake. "Tuanze kugonga milango."

Kampuni ya kwanza ilikataa katakata. Ya pili ilitaja bei iliyomfanya mchora mabango afumbe macho, na fundi akaanza taratibu kuzirudisha karatasi zake katika bahasha, moja baada ya nyingine, bila kumtazama mtu. Wakala akamzuia kwa kidole.

"Bado mmoja. Hawa huwabeba wagonjwa wa muda mrefu, ila wanataka kuambiwa yote. Unataka nchi ngapi?"

"Moja tu. Ya dada yangu."

"Siku?"

"Kumi na nne."

"Basi tusiwaombe dunia nzima kwa mwaka mzima, kama mzee alivyomwombea yule rafiki yake."

"Nilidhani ndiyo bora," mzee akajitetea.

Muuguzi wa kampuni ile alizungumza na fundi kwa simu karibu nusu saa. Aliuliza, akajibiwa, akauliza tena, akasomewa barua. Mwisho wakala akaandika bei kwenye kipande cha karatasi na kukisukuma mezani. Ilikuwa juu ya bima ya mtu mzima wa afya, hilo halikufichika. Lakini ilikuwa sawa na ushonaji wa suti moja ya harusi pamoja na bitana yake. Na ile ya mgonjwa wa mzee ilikuwa cherehani tatu.

"Suti nitashona," fundi akasema. Kisha akajifunika uso kwa viganja, mabega yakatikisika, na mumewe akawa anampigapiga mgongoni polepole, akiikwepa mifupa ile inayouma.

Walishuka ngazi saa tano na nusu. Walifika uwanja wa ndege saa sita na dakika kumi, na hata hivyo walikuwa wa kwanza kwenye foleni. Mchora mabango alimkabidhi mkewe mkoba wa dawa.

"Ukiulizwa huko, sema saratani," akamwambia. Lilitoka kwa shida, lakini lilitoka.

"Nitasema. Na wewe ukiulizwa niko wapi?"

"Nitasema umekwenda kutazamwa na dada yako."

Fundi alifika salama. Dada yake alimtazama siku nane mfululizo, akihesabu mvi zake na kumwambia amefanana na mama. Siku ya tisa homa ilimpanda fundi kwa ghafla, akapelekwa hospitali, akalazwa siku tatu. Bima ililipa yote, na dada hakudaiwa hata senti. Siku ya kumi na nne alirudi nyumbani. Aliishi mwaka mmoja na miezi mitano zaidi, akashona hadi miezi miwili ya mwisho, akafariki kitandani kwake asubuhi ya Jumapili, mumewe akiwepo. Dada alipofuka mwaka ule ule wa safari; yu hai, na huwasimulia watu uso wa mdogo wake bila kukosea. Dereva alibadilisha teksi, tabia hakubadilisha. Wakala angali juu ya duka la miwani, na wagonjwa wengi humjia, wengi wao wameelekezwa na mchora mabango, ambaye siku hizi akiulizwa mkewe alifariki kwa nini, hutaja ugonjwa kwa jina lake. Nao wale wanaoingia pale wakijifanya wazima hutoka na karatasi isiyowafaa kitu, maana mficha uchi hazai.