Mkeka wa Kwanza wa Mashavu

Hapo zamani, katika mji wa wasusi wa mikeka, msichana alipomaliza mkeka wake wa kwanza alimkabidhi mlezi wake. Tangu siku hiyo mlezi huyo ndiye aliyekuwa mzazi wake mbele ya watu. Mkeka haukukatwa, wala haukutolewa kwa watu wawili.

Mashavu alifiwa na wazazi wake akiwa na miaka kumi. Kwanza alikosa chakula. Kisha akafukuzwa chuoni, alikosoma Kurani, kwa kukosa nguo safi. Kisha akakutana na Kidawa, yatima wa rika lake, wakawa wanaiba pamoja. Hivyo ndivyo mwizi alivyoshonwa, na hivyo hivyo alifumuliwa.

Siku moja msusi Bi Raya alimkamata ameshika ukili, utepe wa majani uliosukwa wa kutengenezea mkeka, alioutoa barazani kwake. Hakupiga ukelele.

"We mtoto, hata kuiba hujui! Ukili wenyewe haujakwisha. Kaa ule, kisha uumalizie."

Akamlisha kila siku, akamfunza kusuka.

Mwalimu Makame aliposikia, alimrudisha chuoni. Wazazi wa wanafunzi wengine wakatishia kuwaondoa watoto wao wasisome na mwizi.

"Waondoeni," akajibu. "Nitamsomesha huyu mmoja."

Akamsomesha peke yake miezi mitatu, hata wazazi wakaona haya, wakawarudisha watoto.

Ndipo ukafichuka wizi wa zamani: mbuzi wa jumbe, mkuu wa mji. Mashavu na Kidawa walikuwa wamemwiba pamoja, lakini Kidawa alitangulia kusema, "Nilikuwa peke yangu." Akachapwa, akatumikishwa mwaka mzima. Akipelekwa kutumika, alimnong'oneza mwenzake, "Shoga, usinifuate. Mmoja wetu apone."

Mwaka ulipotimia, Kidawa akaachiwa, na mkeka wa Mashavu ukakamilika. Mji mzima ulikuja kuustaajabia na kuona atakabidhiwa nani.

"Bila kushiba angesomaje?" akauliza Bi Raya.

"Na bila chuo," akasema Mwalimu, "angekuwa mwizi aliyeshiba."

"Nami?" akasema Kidawa.

Bi Raya akacheka. "Uwe mzazi wa rika lako, mwanangu?"

"Rika ni letu sote wawili, Bibi. Mgongo uliochapwa ulikuwa wangu."

Kicheko kikakatika. Mashavu akawatazama wote watatu, naye alimpenda kila mmoja wao. Akaushusha mkeka begani, akapiga hatua moja mbele.

Haya, enyi mlioketi hapa: kati ya aliyemlisha, aliyemrudisha na aliyechapwa kwa ajili yake, je, nani alistahili kuitwa mzazi wa Mashavu?