Asiyesogeza Jiwe

"Asiyesogeza jiwe huita kijiji." Mama yenu amewatupia maneno hayo kwa sababu ya hesabu moja tu ya kanuni. Mmemwita yeye, mkamwita baba yenu, na sasa mmenifuata mimi bibi yenu hapa ninapochambua maharage yangu. Mnauliza methali hiyo ilitoka wapi. Kaeni basi. Ilianzia shuleni kwetu, nami nilikuwepo.

Tulikuwa darasa la saba, huku huku kwenye vilima vya chai. Mwalimu Mwakalobo alipenda kanuni ziimbwe. Kila asubuhi tuliimba ile ya wenzo: jitihada mara umbali wake ni sawa na mzigo mara umbali wake. Kasuku angetuonea wivu. Rafiki yangu Subilaga peke yake ndiye aliyekwama. Akifika kwenye "umbali" alinyamaza, kisha akauliza, "Umbali kutoka wapi, Mwalimu?" Darasa likaangua kicheko.

Mwisho Mwalimu alichoka. Akasema Subilaga asipoimudu kanuni hiyo kufikia Ijumaa, atarudishwa darasa la sita. Baba yake aliposikia akaapa kwamba mtoto wa kurudishwa nyuma hana haja ya shule, atakwenda kuchuma chai. Subilaga alilia njia nzima, nami nikalia naye.

Ijumaa ilipofika, tulikuta mvua imeporomosha mwamba ukaziba chemchemi ya shule na kijiji. Mwalimu akaagiza gogo refu la mkaratusi, tukaichomeka ncha yake chini ya mwamba. Jiwe dogo la egemeo tukaliweka katikati ya gogo, maana ndivyo lilivyochorwa ubaoni. Tukaikandamiza ncha ya pili huku tukiimba kanuni yetu kwa sauti. Mwamba haukutikisika hata kidogo.

"Ongezeni watu!" Mwalimu akaamuru.

Wakaja wa darasa la sita. Wakaja wachuma chai, na baba yake Subilaga miongoni mwao. Akaja hata Bibi Sekela, mpishi wa shule, na mwiko wake mkononi, ugali ameuacha jikoni. Walioshika gogo walishikwa na wengine, na hao wakashikwa na wengine. Mwamba ulitutazama tu.

Ndipo Subilaga akasema, "Mwalimu, naomba niseme."

"Amekwama tena kwenye umbali!" mvulana mmoja akadakia, watu wakacheka.

"Ndiyo, ni huo huo umbali," Subilaga akajibu. "Kutoka kwenye jiwe hadi kwetu, na kutoka kwenye jiwe hadi kwenye mwamba, ni sawasawa. Tunaunyanyua uzito wote kama ulivyo. Naomba wote waachie."

Mwalimu akalitazama lile jiwe dogo. Kisha akasema, "Achieni."

Subilaga akapiga magoti kwenye tope, akalisukuma lile jiwe dogo mpaka karibu kabisa na mwamba. Gogo likabaki refu upande wetu, nalo likainuka juu sana. Akaniita mimi na msichana mwingine. Tukaruka, tukaidaka ncha, tukaning'inia.

Mwamba ukainuka! Ukayumba, ukabingirika mpaka korongoni, na maji yakaturukia usoni. Wajukuu zangu, sijapiga kelele namna ile tena, hata siku ya harusi yangu.

Mwalimu alikuwa akicheka, amelowa chapachapa. "Subilaga, umbali kutoka wapi?"

"Kutoka kwenye egemeo, Mwalimu!"

Baba yake akamnyanyua mabegani. "Nani alisema huyu anarudi darasa la sita?" alinguruma, utadhani si yeye aliyeapa. Watu wakamzomea kwa furaha.

Bibi Sekela ndiye aliyekunja uso. Akatuelekezea mwiko sisi wote, Mwalimu na waimbaji wake. "Ugali wangu umeungua bure! Kumbe asiyesogeza jiwe huita kijiji!"

Kijiji kizima kikalirudia neno hilo kikishangilia, likashika mpaka leo.

Haya, ileteni hiyo kanuni yenu. Sitawafanyia. Nionyesheni kwanza kila herufi inapima nini, na inapima kutoka wapi. Mkinyamaza hapo, basi jiwe lenu bado liko katikati, na asiyesogeza jiwe huita kijiji.