Hodi ya Tatu

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama waliokwisha kulala? Paukwa!

Pakawa!

Naam. Sogezeni kuni, tuanze.

Hapo zamani za kale, milima ingali inangoja majina, palikuwa na mtu aitwaye Mwinjaka na mkewe Kibibi. Nchi yao ilikauka. Wakatembea, wakatembea, wakatembea, na Kibibi ana mimba iliyokwisha kutimia. Walifuatana na Tumbili na Kanga. Nasema Kanga, si Kororo. Kororo ana kishungi kichwani, na huyu hakuwa nacho.

Siku ya saba maji ya kibuyu yakaisha. Siku hiyohiyo, adhuhuri, wakatokea juu ya bonde. Kule chini palikuwa na chemchemi, na mikuyu imezaa hata matunda yanaanguka yenyewe, na udongo mweusi usiowahi kuguswa na jembe.

Kibibi akaanza kushuka. Mwinjaka akamzuia.

"Ngoja, mke wangu. Mahali palipoandaliwa hivi pana mwenyewe. Tupige hodi."

Adabu ya kwao ilikuwa hodi tatu. Ya tatu isipoitikiwa, unageuka unakwenda zako. Aingiaye bila kuitikiwa ni mwizi, na Mwinjaka alikuwa tayari kufa kwa kiu kuliko kuitwa mwizi.

"Hodi!"

Kimya.

Tumbili akacheka. "Bwana Mwinjaka, unamwita nani? Mvua ilinyesha, maji yakafuata bonde, ndege wakaangusha mbegu. Pamekuwa hivi penyewe."

"Penyewe!" Kanga akaruka juu. "Mwana wa matawini wewe! Maji yale hayafuki mvuke, wala kando yake hakuna chumvi. Na hilo jua je? Likisogea kidogo tunaungua, likirudi nyuma kidogo tunaganda. Nani alilipimia?"

"Kanga, tumepita mabonde mangapi makavu?"

"Sita."

"Ulisimama hata kwenye moja ukauliza nani kaliandaa? Hukusimama. Unauliza hapa kwa sababu hapa ndipo panapokalika."

Kanga akakung'uta mabawa. "Ana maneno huyu," akanung'unika.

"Hodi!"

Kimya.

"Mume wangu, nina kiu," akasema Kibibi.

"Bado moja."

"Na isipoitikiwa?"

Mwinjaka akatazama chini. "Tutageuka."

"Na mtoto?"

Mwinjaka akaligeukia bonde. Akakusanya pumzi yote iliyombakia.

"Hodi!"

Kimya. Chemchemi tu ilisikika, ikiteremka mawe. Mwinjaka akafuta macho. "Tugeuke," akasema.

"Geuka wewe!" Kibibi akashika jiwe kwa mikono miwili. "Mimi uchungu umenishika."

Kanga akampepea kwa mabawa. Mwinjaka akamshika mgongo. Tumbili akazunguka jiwe mara tatu, hana alijualo. Na hapohapo ukingoni Kibibi akajifungua mtoto wa kike. Mtoto akalia, akageuza uso, akatafuta, akalipata ziwa, akanyonya.

"Mwinjaka," akaita Kibibi, "njoo utazame. Huyu kapiga hodi kwa nani?"

"Hakupiga."

"Basi ni mwizi?"

"Hasha! Mwanangu!"

"Maziwa haya mimi sikuyapika. Nimeyakuta yapo, na joto lake ni la kinywa chake. Hajamwona aliyeyaweka, wala hakungoja kuitikiwa. Mwenyeji akikwisha kuandaa chakula kabla hujafika, wataka aseme nini tena ndipo ujue umekaribishwa?"



Tumbili akakuna kichwa. "Shemeji, lakini mama wasio na maziwa hawakuacha watoto wa kuja kuyasifu..."

"Huenda ni kweli, Tumbili. Kalete maji."

Tumbili akashuka na kibuyu, akarudi nacho kimejaa, Kibibi akanywa.

Mwinjaka akavua makubadhi yake. Akashuka bondeni taratibu, ameinamisha kichwa kama mtu aingiaye nyumbani kwa mkwewe. Akapiga magoti chemchemini, akanywa. Alipoinuka alikuwa anacheka, na maji yanamchuruzika ndevuni. Ndipo akarudi mbio, akambeba mkewe na mtoto, akawaingiza kivulini. Wakala, wakaimba, wakacheza hata Kanga akapoteza manyoya mawili. Mtoto wakamwita Tunu. Wako wasimuliao kwamba aliitwa Zawadi, wamekosea.

Jioni Tumbili alikaa juu ya mkuyu, mashavu yamejaa. Akatafuna, akafumba macho, akasema kwa sauti, "Ahsante!"

Kanga akainua shingo. "Ahsante nani? Si ulisema hakuna mtu?"

"Sijui kama yupo, Kanga," akasema Tumbili. "Lakini utamu huu haumezeki kimya."

Hadithi yangu imefika hapo, nami nimeitua. Mwenye yake na ajitwike.