Kwa Nini Kunguru wa Mlimani Ana Kisogo Cheupe

Kunguru wa mlimani hakuzaliwa na lile doa. Enzi ambazo hakuna kiumbe aliyewahi kukanyaga weupe wa kileleni, alikuwa mweusi mwili mzima, mweusi wa sufuria ya maharage, toka mdomo hadi kucha. Wanyama wa msituni waliutazama weupe ule kila asubuhi mawingu yakipanda, wakabishana. Wengine walisema ni maziwa yaliyoganda, wengine chumvi. Ngedere, ambaye mdomo wake haukuwa na kufuli, aliapa kwamba ni mvi, mlima umezeeka kama mama mkwe wake.

Kunguru ndiye aliyetangaza kwamba atakwenda kuona. Alitangaza mti kwa mti, na kila akirudia, safari ilizidi kuwa ndefu na yeye alizidi kuwa shujaa. Lakini kila alipojaribu alirudi siku hiyohiyo, kifua kimembana na tumbo tupu, kwa kuwa huko juu hakuna mzoga wala tunda, na upepo unageuka bila kuaga.

Aliyejua namna ya kwenda ni Panya, rafiki yake wa utotoni. Wenyewe waliitana somo. Panya alikuwa na masharubu yanayohisi ukungu kabla haujatokea, na alijua jiwe gani lina mbegu chini yake. Akamwambia Kunguru aache pupa. Wapande kidogo, wafiche chakula chini ya mawe, washuke. Wapande tena juu zaidi, wafiche kingine. Hivyo hawatakufa njaa wakienda wala wakirudi. Kunguru alilipenda wazo hilo, akalipenda mpaka akaanza kulisimulia kama lake.

Mama yake Panya hakulipenda hata kidogo. Watoto wake wengine wote bundi alishawamaliza, amebakiwa na huyo mmoja.

"Baba," alimwambia Kunguru, "huyu hana mabawa. Wewe mambo yakiharibika utaruka. Yeye je?"

"Mama, atakaa mgongoni kwangu. Nitakurudishia kama nilivyomchukua."

"Hata mkia?"

"Hata mkia, mama."

Wote wakacheka, na mama naye akacheka kidogo, akawafungia mbegu za njiani.

Walipanda siku tisa. Miti ikawa mifupi, ikawa vichaka, ikawa mawe matupu. Panya alimkumbatia Kunguru shingoni, uso ameuzamisha kwenye manyoya ya kisogo, na baridi ilivyozidi pumzi yake ikawa inaganda papo hapo.

"Somo, unanipumulia kama mgonjwa," Kunguru alilalamika.

"Vumilia. Kisogo chako ndicho jiko langu."

Siku ya tisa weupe ukawa karibu, umebaki mruko mmoja. Hapo ndipo Kunguru alipoingiwa na mawazo. Aliusikia kabisa umbea utakaopigwa huko msituni, na sauti aliyoisikia ni ya Ngedere: "Aliyekwenda ni Panya, jamani. Kunguru alikuwa punda wake tu." Neno hilo punda, ambalo hata halijasemwa na mtu, lilimchoma. Akatua kando ya jiwe bapa.

"Shuka kidogo, somo. Nitangulie nikaone kama kuna pa kutua, halafu nije nikuchukue."

Panya alinyanyua masharubu. "Ukungu unakuja. Twende pamoja au tungoje pamoja."

"Wewe na masharubu yako! Sikawii."

"Basi usikawie kweli, maana miguu siisikii tena."

Kunguru akaruka peke yake. Akaukanyaga weupe, ukamuuma nyayo. Haukuwa maziwa wala chumvi. Alipiga kelele, "Nimefika!" na hakuna aliyemwitikia. Angeweza kugeuza pale pale. Hakugeuza. Alitembea huku na huku ili nyayo zake ziwe nyingi, kisha akang'oa kipande cha barafu kwa mdomo kiwe ushahidi. Alipogeuka, ukungu ulikuwa umemeza kila kitu, na chini ya ukungu kila jiwe lilikuwa bapa.

Alianza kuita. Barafu ikamdondoka mdomoni, akaiacha. Aliita siku ile na siku ya pili na ya tatu, akapindua mawe kwa mdomo mpaka mdomo ukatoka damu. Chini ya mawe alikuta akiba tu, ile waliyoificha pamoja. Aliila. Hilo nalo alikuja kulijutia.

Aliporudi msituni wote walikusanyika.

"Haya, mtalii!" Ngedere alidakia. "Shahidi yuko wapi?" Kisha akamzunguka, akashika kichwa. "Toba! Mtazameni kisogo! Jamani, huyu kafika kweli!"

Kisogo kilikuwa cheupe pe. Vigelegele vikapigwa. Wengine wakamsugua kwa majivu, wengine kwa maji, weupe haukutoka. Kunguru mwenyewe hakujua wanazungumzia nini. Alisimama akishangiliwa, na ilikuwa kwake kama anapigwa mawe.

Mama yake Panya alipita katikati ya watu.

"Inama, baba."

Akainama. Mama alikinusa kisogo taratibu, huku na huku, kama anayenusa nguo ya mtoto. Doa lilikuwa upana wa uso mdogo, si zaidi.

"Hapa ndipo mwanangu alipolaza uso," akasema. "Ilikuwaje akautoa?"

"Nilimshusha, mama."

"Alikuwa mzito?"

Kunguru angeweza kusema ndiyo. "Hapana. Nilitaka nifike peke yangu."

Vigelegele vikafa. Hata Ngedere alitazama chini.

"Basi umefika," mama akasema. "Sasa rudi kamtafute. Habari za mlima usinisimulie."

Na tangu hapo hajashuka tena kuishi msituni. Wapanda mlima wakisimamisha mahema kule juu, kwenye mawe matupu, yeye huyo, anatembea kama mzee wa mtaa, anapindua vijiwe, anachungulia mahemani, anafungua mifuko ya watu. Wanamwita mwizi na kumrushia makopo. Mkate akiukuta anakula, atafanyaje? Lakini akishakula anaendelea kupekua, na mwizi gani hupekua akishashiba?

Doa lake kila mtu analiona isipokuwa yeye. Mtazame siku moja: atageuza shingo kulia, ataigeuza kushoto, atainamisha kichwa, atakinyanyua. Na kila akigeuka kulitazama, nalo linageuka naye.