Nahodha Alipodaiwa Nauli

Palikuwa na sultani, jina lake Fakihi, aliyetaka kujua Kiingereza bila kutoa hata pesa moja. Wala si Kiingereza chote. Alitaka maneno manne tu, yote ya fedha. Aibu ndiyo iliyomsukuma. Nahodha wa meli ya Kiingereza alimwaga makaa ya mawe gatini, sultani akaona amtoze fedha kwa kosa hilo, tena kwa lugha ya mgeni mwenyewe. Akasema, "Nilipe feya." Kumbe feya ni nauli. Nahodha akavua kofia, akauliza kwa adabu, "Nauli ya kwenda wapi, Maulana?" Baraza zima likainama kuficha meno.

Hapo ikatoka amri. Atakayemfundisha sultani hatalipwa, maana kumfundisha mfalme ni heshima tosha. Lakini mfalme akichanganya neno hata moja, mwalimu atalala gerezani. Akaitwa Mwalimu Pandu, maskini wa Mungu, mwenye skuli ya chumba kimoja na ubao uliopasuka. Akaandika, akasoma, akarudia mpaka sauti ikamkauka. Siku ya tatu sultani akaulizwa ujira wa kibarua huitwaje. Akajibu, feya. Pandu akaenda kufungwa.

Sasa huyu Pandu alikuwa na mke, Bi Mize, na ulimi wa Bi Mize haukuwa na kufuli. Miaka tisa alimpikia Mwingereza mmoja wa forodhani, Kiingereza akakiokota humo jikoni, katikati ya moshi. Alipopata habari za mumewe hakulia. Alipandwa na hasira, akakodi punda, akaenda moja kwa moja barazani.

"Nimekuja kumalizia kazi ya mume wangu," akasema. "Nahodha anarudi Ijumaa. Ukijibu sawa, Pandu anatoka."

"Na nikikosea?"

"Utanifunga na mimi. Angalau tutalishwa."

Sultani akacheka. "Haya, anza. Ubao wako uko wapi?"

"Sina ubao. Yuko mwenye punda hapo nje anangoja fedha yake. Mlipe."

"Mimi?"

"Safari ilikuwa ya shughuli yako, Maulana."

Sultani akatoa riale moja, akaitazama kama anayeaga ndugu.

"Hiyo ndiyo feya," akasema Bi Mize. "Ya mtu kufikishwa mahali."

"Mbona mumeo hakunifundisha hivi?"

"Pandu alidhani unayachanganya kwa kuwa ni magumu. Unayachanganya kwa kuwa hujapata kulipa hata moja. Mpokeaji tu, kwake fedha zote ni ndugu."

Waziri akakohoa. Bi Mize akamgeukia mzee Ngwali, mshika mwavuli aliyesimama nyuma ya kiti. "Babu, unamshikia mwavuli mwaka wa ngapi huu?"

"Wa kumi na moja," akajibu mzee, kabla hajaruhusiwa kusema.

"Mpe ya leo peke yake, Maulana, tusimwue mwanafunzi siku ya kwanza. Hiyo ni weji, ya jasho. Ya tatu ni fii, ya ujuzi wa mtu. Hiyo utanipa mimi."

"Amri inasema mwalimu halipwi."

"Mtoto wa muuza kuni akipelekwa chuoni huingia na ada ya ufito, fedha ya kumpa mwalimu. Mfalme ataingia mikono mitupu?"

Barazani walikuwamo wauza kuni. Sultani akatoa riale mbili, ya mzee na ya Bi Mize.

"La nne ni faini," akasema Bi Mize.

"Hilo nalijua."

"Tunalijua sisi raia. Hilo limehamia kwetu zamani, limeoa na kuzaa, maana hatumalizi juma hatujatozwa. Wewe unajua kulitoza, Maulana. Kulilipa hujui."

"Faini hulipwa na mwenye kosa. Mimi nimekosa nini?"

"Umemfunga mwalimu kwa uzito wa mwanafunzi."

Sultani akamfukuza. Kesho yake akamfukuza tena. Lakini Ijumaa haina simile, na kile kicheko cha nauli kilikuwa bado kinamwasha masikioni. Alhamisi akaamuru milango ifungwe, akatoa riale ya nne kama anayeng'olewa jino, akasema ipelekwe kwa Pandu huko huko gerezani.

Ijumaa baada ya sala baraza lilijaa. Nahodha akaketi mbele. Sultani akasimama, akahesabu kwa vidole: "Mwenye punda nimemlipa feya. Mshika mwavuli, weji. Huyu mwanamke, fii. Na Pandu, faini." Nahodha akavua kofia, akasema hakuna kosa hata moja. Watu wakashangilia, sultani akavimba kichwa.

Akamgeukia Bi Mize. "Somo limekwisha. Sasa riale zangu zote nne zirudi. Zilikuwa za kujifunzia tu, kama chaki. Zikitimia, Pandu atatoka."

Bi Mize akazihesabu riale hizo kimoyomoyo. Mwenye punda alikwisha nunua unga kwa riale yake. Mzee Ngwali akaushika mwavuli kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akaubana upindo wa kikoi alikofunga yake. Zisingetimia, na sultani alilijua hilo.

"Vyema, Maulana," akasema Bi Mize. "Ila kwanza niruhusu nimtafsirie mgeni. Kama ile ni feya, ni ya mwenye punda. Kama ile ni weji, ni ya mzee Ngwali. Kama ile ni fii, ni yangu. Na kama ile ni faini, basi kosa lilikuwa lako na Pandu hana lake. Hapo umejibu sawa, mfungulie. Lakini kama zote nne ni zako, basi umekosea maneno yote manne mbele ya watu. Nifunge, Maulana, kisha mwambie nahodha akulipe ile nauli."