Kwa Nini Kikaza Seng'enge Hukaza Kabla ya Kuachia

Zama hizo chuma kilikuwa na masikio. Msicheke. Chuma kikiwa baridi hakikusikia kitu, kama kilivyo leo, lakini kikishakuwa chekundu kilisikia vizuri kuliko mbwa, na neno kililolisikia kikiwa katika hali hiyo ndilo lililokuwa tabia yake mpaka kiliwe na kutu. Mhunzi aliyefua jembe huku akigombana na mkewe alipata jembe gomvi, lenye kutafuta mawe hata kwenye udongo mtupu. Kwa hiyo wahunzi walijiwekea mwiko: chuma kikiingia motoni, midomo inafungwa. Kiwandani watu walisemezana kwa nyusi na kwa kichwa. Mgeni aliyekuja na habari alikaa chini akangoja, hata kama nyumba yake ilikuwa inaungua.

Zama hizo pia watu hawakuagana kama tunavyoagana. Mtu akisafiri, aliyebaki alimpa kisogo. Waliamini kwamba ukimtazama anayeondoka, macho yako yatamvuta nyuma naye atajikwaa njiani. Basi mama alimpa mwanawe kisogo, mume akampa mkewe kisogo, na watu walilia wakiwa wametazama ukuta. Mimi naona ulikuwa ujinga, lakini ujinga wa wengi huitwa desturi.

Chini ya milima, pale nyika inapoanzia, aliishi mhunzi mmoja jina lake Kiangi. Mkewe alikufa mapema, akamwachia binti mmoja, Nakijwa. Kiangi hakuwa na pa kumweka mtoto, kwa hiyo alimlelea kiwandani. Alipoanza kutambaa alitambaa kati ya koleo na fuawe, na alipopata nguvu za mikono alikamata mivukuto akawa ndiye mpulizaji wa moto wa baba yake. Walikaa hivyo miaka na miaka. Kiangi akiinua nyusi, Nakijwa aliongeza upepo. Akikunja uso, alipunguza. Kiangi alimpenda binti yake kupita maelezo, wala hakuwahi kumwambia, kwa sababu muda mwingi walipokuwa pamoja chuma kilikuwa motoni.

Kijiji chao kilikuwa na boma moja kubwa la ng'ombe wa watu wote, lililozungushiwa ua wa miti ya minyaa, na kati ya mnyaa na mnyaa ilipita seng'enge ambayo Kiangi mwenyewe aliivuta, uzi kwa uzi, kwa kupitisha chuma kwenye kibao chenye tundu. Mlango wa boma nao ulikuwa wa seng'enge tupu, nyuzi zilizokatiza kutoka nguzo hii hadi nguzo ile. Asubuhi zililegezwa ng'ombe watoke, jioni zikakazwa. Sasa seng'enge mnaijua. Jua likiwaka inalegea, ng'ombe akijikuna inalegea. Wanaume walijifunga ngozi viganjani wakavuta mpaka wakachubuka, na bado usiku fisi waliinamisha vichwa wakapita mlangoni kama watu walioalikwa. Walipomla ndama wa mjane mmoja aliyekuwa na ndama huyo tu, wazee walimwendea Kiangi. Walimwomba atengeneze kitu chenye kuvuta seng'enge kwa subira kuliko mkono wa mtu.

Kiangi alikubali. Wakati huohuo alikuwa amekubali jambo jingine lililomzidi. Kijana mmoja kutoka ng'ambo ya mto Ngaseri, jina lake Sangiwa, alikuwa amemposa Nakijwa, na posa ilipokelewa. Kijana alikuwa mpole, mchapakazi, mwenye adabu kwa wakubwa na wadogo. Kiangi alimchunguza sana akitafuta kasoro na hakuiona, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Nakijwa naye alimpenda, kila mtu alilijua hilo.

Mto Ngaseri ulikuwa na tabia yake. Mvua ikishanyesha milimani, uliziba njia, na hakuna aliyevuka mpaka kiangazi kingine. Tena kwa watu wale, bibi harusi aliyefuatwa na asichukuliwe siku ileile hakufuatwa tena. Walisema posa iliyolala nje imekufa. Hivyo siku ilipangwa mapema, kabla ya masika, na mhunzi alijua kwamba binti akishavuka, kumwona tena kutategemea mto, na mto hauna huruma na mtu.

Katika siku zile za mwisho ndipo alipokuwa akitengeneza kile chombo. Alifua mpini mrefu. Alifua gurudumu dogo lenye meno, la kuzungushia seng'enge kila mpini ukivutwa. Kilichobaki kilikuwa ulimi, kipande kidogo cha chuma cha kuangukia kati ya meno ili gurudumu likishasonga mbele lisirudi nyuma. Ulimi huo aliufua siku moja kabla ya harusi, Nakijwa akiwa kwenye mivukuto kwa mara ya mwisho. Wote wawili walilijua hilo na wote wawili walikuwa kimya, kwa sababu moto ulikuwa umewaka.

Ndipo baragumu likasikika kwa mbali, kule nyikani. Watu wa Sangiwa walikuwa wamefika, wanapiga kambi. Nakijwa alitabasamu. Hakujua kama ametabasamu. Mikono yake ilisimama juu ya mivukuto kwa pumzi moja tu, kisha ikaendelea. Lakini Kiangi aliliona tabasamu lile, na ulimi wa chuma ulikuwa juu ya fuawe, mwekundu kama pilipili.  Neno likamtoka kabla hajaliwahi.

"Shika," alisema. "Shika, usiachie."

Nakijwa aligeuka kwa mshtuko. Tangu azaliwe hakuwahi kuisikia sauti ya baba yake chuma kikiwa chekundu. Kiangi alijifanya anakitazama chuma, akakipiga nyundo, akakitumbukiza majini. Kikachemka, kikanyamaza, na mambo yakawa yamekwisha kuwa.

Jioni walikifunga chombo mlangoni mwa boma, mahali penye shida kubwa. Ng'ombe wote walikuwa ndani, na pamoja nao vibanda vya wanawake waliomtayarisha bibi harusi, maana desturi ilikuwa binti atoke kwa mlango uleule wanaotokea ng'ombe, ili uzazi wake uwe kama wao. Kiangi alivuta mpini. Gurudumu likala seng'enge jino kwa jino, nyuzi zikanyooka. Watu walishangilia. Usiku fisi walikuja wakapaka pua zao kwenye seng'enge, wakaondoka na njaa yao.

Kulipokucha, watu wa Sangiwa walikuwa wamesimama nje ya mlango wakiimba, na juu ya milima mawingu yalikuwa meusi. Wanaume wa kijiji walikwenda kulegeza seng'enge. Walisukuma mpini nyuma, haukurudi. Walijaribu kuung'oa ulimi kwa vidole, haukung'oka. Mmoja alileta nyundo, na kila alipopiga, ulimi ulizama zaidi kati ya meno kama kupe. Nyimbo za nje zikaanza kupungua.

"Ikatwe seng'enge basi," mtu mmoja alisema. Lakini seng'enge iliyokazwa namna ile ikikatwa hurudi kwa kishindo, ingemtoa mtu jicho au roho. Na ingekatwa, mlango ungebaki wazi kwa fisi mpaka Kiangi avute nyingine, kazi ya mwezi mzima. Isitoshe, kilichofuliwa na mhunzi hakikukatwa na mtu ila mhunzi. Kumpitisha bibi harusi juu ya ua hakukuwezekana pia. Anayeruka ua ni mwizi, na ndoa ya wizi haina baraka. Basi macho yote yalimgeukia Kiangi, na Kiangi alikuwa amekaa juu ya jiwe, hasogei.

Nisiwafiche, alikuwa na furaha. Furaha mbaya, ya kumfanya mtu asitazame wenzake usoni, lakini furaha. Alisikia ngurumo milimani akahesabu moyoni: mto utajaa, posa italala nje, kesho asubuhi moto utawaka na mikono ileile itakuwa kwenye mivukuto. Alichotakiwa kufanya ni kukaa juu ya jiwe tu.

Dada yake, Nambike, mwanamke asiyejua kumeza neno, alimjia akiwa ameshika kiuno. "Kaka, hiki chombo chako kimemkataa mkwe?"

"Chuma hakina mkwe," Kiangi alijibu.

"Chuma hakina. Wewe je?"

Kiangi akatazama mawingu. Nambike akasonya, akaenda zake. Ndipo Nakijwa alipotoka kibandani, amepakwa mafuta, shanga shingoni, akaja akachuchumaa mbele ya baba yake kama alivyozoea kuchuchumaa mbele ya moto.

"Baba," alisema polepole, ili wengine wasisikie. "Lile neno la jana, ulikiambia chuma, au uliniambia mimi?"

Kiangi aliinua macho.  Aliona kwamba binti yake analia, na kwamba halii kwa hasira. Alikuwa anataka kwenda, na alikuwa anaumia kwenda, yote mawili kwa pamoja, na baba yake alikuwa amemwongezea la tatu, la kuzuiwa. Hapo furaha yake ilimwishia.

"Nilikuambia wewe, mama," alisema. Alimwita mama kwa kuwa binti alipewa jina la bibi yake mzaa baba.

"Basi ungeniambia moto ukiwa umezimika. Ningekujibu."

"Ungenijibu nini?"

"Kwamba nami sitaki kukuacha. Na kwamba nitakwenda."

Waliinuka wakaenda mlangoni pamoja. Watu waliwapisha. Kiangi alikitazama chombo alichokifua, akakihurumia, kwa sababu kilifanya kilichoambiwa na kilikuwa kinaumia kukifanya. Seng'enge ilikuwa inatetemeka kwa kukazwa. Nakijwa alishika nguzo upande wa ndani, karibu na ulimi. Nje alisimama Sangiwa, kijana wa watu, uso umemsawijika, na nyuma yake upepo wa mvua ulikuwa tayari unainua vumbi.

Kila mtu alitegemea kwamba mhunzi atausukuma mpini nyuma, kama walivyofanya wengine. Yeye aliukumbatia kwa mikono miwili na kuuvuta kwake. Hakuwa na ujuzi wowote wa siri, msimsingizie. Alivuta kwa sababu hakuweza kufanya jingine. Alikuwa anakwenda kumwachia mwanawe wa pekee, na mikono yake ilitaka kushika kwa mara moja zaidi, kwa nguvu kuliko zote. Seng'enge ililia. Watu waliruka nyuma wakidhani inakatika. Na ulimi, ambao tangu jana ulikuwa umebeba uzito wote peke yake, ukahisi kuna mwingine amekuja kuubeba. Ukalegea kwenye jino lake.

Nakijwa aliuona ukilegea. Mpulizaji huona vitu vidogo. Alipeleka kidole akauinua.

"Taratibu, baba," alisema. "Rudisha taratibu. Nimeushika."

Kiangi akaurudisha mpini, kidogo kidogo, na gurudumu likarudi pamoja naye, jino kwa jino, mpaka nyuzi zikalala chini kama kamba za kuanikia nguo zilizofunguliwa. Mlango ukawa wazi. Hakuna aliyepiga kigelegele mara moja. Watu walikuwa hawajajua kama ni wakati wa vigelegele.

Wazee, kwa mazoea, wakageuka kuwapa kisogo wanaoondoka. Kiangi naye alianza kugeuka, akasita. Alikuwa ametoka kujifunza kitu kwa mikono yake na mikono haikukubali kukisahau upesi hivyo. Akamgeukia binti yake, akamshika, akambana kifuani mpaka shanga zikamwachia alama. Watu walishtuka. Nambike alikuwa wa kwanza kulia kwa sauti, akiwa ametazama mbele, si ukutani.

Kiangi alibana, akabana zaidi, kisha akaachia. Nakijwa akatoka kwa mlango wa ng'ombe, hakujikwaa. Baba yake alimtazama mpaka kilima kikamficha. Walivuka Ngaseri maji yakiwa magotini, na kabla giza halijaingia mto ulikuwa umejaa kutoka ukingo hadi ukingo.

Kiangi aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kila kiangazi mto ulipopungua aliletewa wajukuu, na kila masika alibaki na mivukuto anayoipuliza mwenyewe. Upweke ulimchoma, wala hakuuficha. Chuma kikiwa kimepoa aliwaambia watu wazi kwamba anamtamani mwanawe.

Na tangu siku hiyo, hakuna kikaza seng'enge kinachoachia kwa kusukumwa nyuma. Ugonge kwa nyundo, utauzamisha ulimi tu. Ukitaka kiachie, kwanza ukaze zaidi, kidogo, ndipo ulimi uinuke na seng'enge irudi salama. Na watu wa chini ya milima ile hawapeani visogo tena. Ukiagana na mzee wa kule, atakukamata mkono na kuubana mpaka mifupa ilie. Vumilia. Hapo ndipo anapokuachia.